Madaftari Yaliyovalishwa Nguo

Kila asubuhi, kabla ya chai, baba alizishusha funguo za bohari kutoka kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, akazihesabu. Zilikuwa kumi na moja. Alizihesabu kwa sauti ya chini, akipitisha moja moja juu ya kidole, kama mtu anayesoma dua aliyoizoea. Mama, ambaye kufikia saa hiyo huwa amekwisha kukaa kwenye cherehani yake karibu na dirisha, hakuhitaji saa ya ukutani. Akisikia "kumi na moja" alijua ni saa moja kasoro robo, akainuka kumimina chai. Binti yao naye, tangu aanze shahada ya uzamili, alikuwa akisomea kwenye kona ya meza ile ile, na kila asubuhi ilibidi asogeze kompyuta yake ili kikombe cha baba kipate nafasi.

Jumatatu ile baba alikuwa amefika saba hodi ilipopigwa.

Alikuwa tarishi wa ofisi ya maji, mtu ambaye hawakuwahi kumwona hapo mlangoni hata siku moja. Alitoa bahasha, akaonyesha mahali pa kutia saini, akakataa kukaribia ndani. Alisema samahani mzee, wenye vichwa wako kule ofisini, mimi ni miguu tu. Baba akaifungua bahasha na kuisoma akiwa amesimama, funguo nne ambazo hazijahesabiwa zikining'inia kidoleni.

Barua ilikuwa fupi. Bohari ya vipuri ingefungwa. Ijumaa mtunza bohari angekabidhi funguo, na Jumamosi lori la mnunuzi wa vyuma chakavu lingekuja kubeba vyote vilivyomo kwenye rafu tatu za nyuma. Vingine vingehamishiwa ghala kuu. Yeye mwenyewe angepumzishwa miaka miwili kabla ya wakati wake, kwa shukrani nyingi za uongozi. Nyuma ya barua palibanwa ukurasa mmoja wenye kichwa "Muhtasari wa Utafiti". Haukuwa na jina la mwandishi, lakini binti aliutambua akiwa upande wa pili wa meza, kwa umbo la aya zake tu. Sentensi ya tatu yeye mwenyewe aliiandika mara tano kabla ya kuridhika nayo. Ilisema kwamba asilimia sitini na nane ya vipuri vilivyomo havijasogea kwa miaka sita, na kwa hiyo ni mali mfu.

Baba aliikunja barua kwa mikunjo yake ile ile ya zamani. Akaendelea pale alipokatizwa: nane, tisa, kumi, kumi na moja. Akavaa koti lake la kijivu, akaweka penseli nyuma ya sikio.

"Imeandikwa vizuri," alisema, bila kumtazama mtu, akatoka.

Chai ilibaki mezani ikapoa na kuweka utando juu.

*

Binti alikuwa akisomea usimamizi wa mnyororo wa ugavi katika shule ya biashara. Majirani walipomuuliza mama hicho ni kitu gani, mama alikuwa akijibu kwamba ni kusomea jinsi vitu vinavyotoka vinakotoka mpaka vikafika vinakotakiwa, na wao wakisema kumbe, hiyo si ndiyo kazi ya baba yake. Mama alicheka kila mara. Binti hakucheka.

Na kweli alijifunzia hesabu kule bohari. Zamani, likizo zikianza, mama alikuwa akimpeleka huko ili yeye apate kushona kwa utulivu. Kulikuwa na harufu ya grisi na maboksi mapya, na jua liliingia kwa mistari kupitia matundu ya bati. Kila rafu ilikuwa na kadi zake zilizofungwa kwa uzi, na kila kadi ilikuwa na safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Baba alimkalisha juu ya kreti akawa anamtajia, tuna gasketi arobaini, zimetoka kumi na tatu. Yeye alifumba macho, akakunja vidole, akasema ishirini na saba. Mafundi waliokuja kuchukua vifaa walimpa jina la Bi Salio. Walimpigia saluti mlangoni. Hakuna cheo alichowahi kukipenda kama kile.

Kwa hiyo alipotakiwa kuchagua mahali pa kufanyia utafiti wake, alichagua pale. Fomu ya chuo, kipengele cha tisa, iliuliza kama mtafiti ana ndugu katika taasisi husika. Aliogopa wangembadilishia mada. Pale kwenye nafasi ya kujibu hakuandika ndiyo wala hapana, aliweka kistari.

Kistari kile kilimfuata mpaka mlangoni mwa bohari. Siku ya kwanza ya utafiti alifika na wanafunzi wenzake wawili na ofisa mmoja wa ugavi, amevaa viatu vya kubana, amekumbatia faili kifuani. Baba alikuwa nyuma ya kaunta. Uso wake ukafunguka, mikono ikaanza kuinuka. Binti akawahi kusema, "Habari za kazi, Bwana Bohari. Tumekuja kwa ajili ya utafiti, tunaomba kadi za miaka sita."

Mikono ile ilishuka taratibu, ikatua juu ya kaunta. Baba akasema nzuri, akawaomba watie saini kwenye daftari la wageni, kisha akatoa kadi za miaka sita, zote, zimepangwa kwa mwezi. Fundi Kutu, mkereza vyuma ambaye karakana yake iliungana na bohari kwa ukuta mmoja, alichungulia akaita, "Bi Salio huyo, leo amekuja na walinzi." Wenzake wakageuka kutazama anayeitwa ni nani. Yeye akajifanya anasoma kadi.

*

Jumatatu ile jioni baba alikula, akashukuru kwa chakula, akaenda kukaa nje na redio yake ikiwa imezimwa. Binti alibaki na mama. Alijaribu kumweleza. Alisema hakujua wangeutumia muhtasari ule, msimamizi wake wa chuoni ndiye aliyemshauri awapelekee nakala kwa heshima tu. Alisema hata hivyo namba hazisemi uongo, kipuri kisichosogea kwa miezi kumi na minane kinakula nafasi na kinakula fedha, kila kitabu kinasema hivyo.

Mama alikuwa akishona pindo la gauni la kitambaa cha samawati. Lilikuwa gauni la mahafali, lilikuwa limebakiza mikono na shingo. Aling'ata uzi akakata.

"Na yale madaftari yenye nguo, umeyasoma?"

"Madaftari gani?"

"Ya baba yako. Mimi si huyavalisha kila mwaka kwa vipande vinavyobaki. La kwanza nililivalisha gauni lako la darasa la kwanza, lile la maua mekundu. Ulilia."

Binti alikumbuka kulia, lakini hakukumbuka daftari. Akauliza yanaandikwa nini humo. Mama akasema yeye ni fundi wa nje ya daftari, mambo ya ndani hayajui. Ila anajua mumewe hutumia penseli mbili kwa mwezi, na kadi zile, kwa jinsi binti anavyosema haziandikwi kitu, hazingeweza kumaliza hata nusu penseli.

*

Kesho yake saa tatu binti alikuwa bohari. Baba hakuwapo kaunta, alikuwa uani akipokea mabomba. Fundi Kutu ndiye aliyekuwa mle, ameshika beringi kubwa kama sahani, inang'aa. Aliiweka kwenye rafu ya kwanza ya nyuma, moja ya zile tatu, akachukua daftari lenye jalada la mistari ya njano, akaandika mstari mmoja. Kadi iliyoning'inia mbele ya rafu hakuigusa.

Binti akamuuliza mbona hakujaza kadi. Fundi Kutu akamtazama kama anayetaniwa.

Alimweleza polepole, akifuta mikono kwa kitambaa. Pampu za mji huu ni za zamani, vipuri vyake vikiagizwa huchukua miezi. Mwaka ule wa mabomba makavu, Bi Salio alikuwa bado mdogo, watu walikaa wiki saba wakisubiri beringi nne. Toka hapo yeye na mzee waliwekeana utaratibu. Pampu ikifa, fundi analeta beringi mbovu, anachukua nzima. Ile mbovu inakwenda kwenye mashine ya kukereza, inafufuliwa, inarudi rafuni. Kimetoka kimoja, kimeingia kimoja. Kadi ilisema saba jana, leo ni saba, na kesho itakuwa saba. Mzee hataki kuchafua kadi ya serikali kwa kitu ambacho hakijapungua, kwa hiyo safari zote za beringi huziandika daftarini, tarehe, pampu, na jina la fundi.

"Rafu hizi mbili za kwanza ndizo zinazoupa mji maji," alisema Fundi Kutu. "Wewe umeziandikia cheti cha kifo. Hata daktari hugusa mshipa kwanza."

Binti alilivuta daftari. Mwandiko wa baba ulikuwa umesimama wima, kila namba ndani ya mraba wake. Ukurasa baada ya ukurasa, kitu ambacho yeye alikiita mfu kilikuwa kimetoka na kurudi, kimetoka na kurudi, mara thelathini na moja kwa mwaka mmoja. Kadi hazikumdanganya. Alisoma safu ya kilichobaki, ile ile aliyofundishwa kuipenda, akadhani ndiyo habari yote.

Aliposikia viatu uani alijifuta macho kwa kiganja. Baba aliingia, akamwona, akavua kofia.

"Karibu, mtafiti. Umetia saini ya wageni?"

Alitia saini. Kisha akaomba kuazima madaftari. Baba akasema hakuna kitu kinachotoka bohari bila hati ya maombi, akamsogezea kitabu cha hati. Binti akaijaza kama alivyofundishwa akiwa juu ya kreti: madaftari sita, ya kuazima, sababu ya maombi. Kwenye sababu aliandika, "Kurekebisha kosa." Baba aliisoma, akaichana nakala yake, akaifungia kwenye faili. Alipompa madaftari aliyapanga kwa mwaka, akayafuta vumbi kwanza kwa mkono wa koti.

*

Msimamizi wake hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akayapekua madaftari kwa hamu, akagusa majalada akauliza nani kayashona. Kisha akamwambia ukweli. Uwasilishaji ni keshokutwa Alhamisi, na meneja wa ofisi ya maji amealikwa. Akiwasilisha tasnifu kama ilivyo, atafaulu na ataingia kwenye mahafali ya mwaka huu. Marekebisho yanaweza kuongezwa kama maelezo chini ya ukurasa. Akiiondoa sura ya nne, hana tasnifu. Itabidi akusanye takwimu upya na kungoja mwaka mzima.

Alimuuliza pia, kwa upole, alifahamuje kuhusu madaftari hayo, kwa kuwa hayamo kwenye orodha ya nyaraka. Binti akasema aliambiwa. Na nani? Akasema na mtu anayeyafahamu. Alitoka ofisini mle akijichukia kwa ule ulimi wake mzito.

Nyumbani mama alikuwa amemaliza mikono ya gauni. Alimjaribisha mbele ya kioo, pini mdomoni, akamgeuza huku na huku. Baba alipita akielekea ndani. Alisimama kidogo mlangoni, akalitazama gauni, akasema rangi imemkubali.

*

Ukumbi ulikuwa mdogo, wenye viti vya kukunja na feni moja iliyolia. Meneja alifika na watu watatu, na wa tatu alikuwa mtunza bohari. Alikuwa ameambiwa abebe sanduku la kadi, endapo zitahitajika. Alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, sanduku mapajani, koti la kijivu limepigwa pasi mpaka likawa na mstari mikononi. Mhudumu alipopita na maji ya chupa aliwapa waheshimiwa wa mbele, akamruka.

Binti aliliona hilo akiwa amesimama mbele.

Alianza vizuri. Sauti ilikuwa ndogo, mwalimu mmoja akamwomba aongeze, akaongeza. Alieleza mnyororo wa ugavi ni nini na kwa nini ofisi inataka ghala dogo. Alipofika sura ya nne aliweka kijiti cha kuonyeshea mezani. Akasema sura hii si sahihi, na anaomba iondolewe. Akayatoa madaftari, akayapanga mezani na nguo zake za mistari na maua na madoadoa, na mtu akacheka nyuma. Alieleza habari ya beringi zinazofufuliwa. Alisoma kurasa mbili, tarehe na pampu. Alisema alizihesabu safari zote za beringi. Rafu mbili kati ya tatu ndizo zinazofanya kazi kuliko zote mle ndani, na lori likizibeba Jumamosi, pampu itakayokufa Jumatatu haitakuwa na beringi. Rafu ya tatu, alisema, hata madaftari yanakubali kwamba imekufa.

Meneja aliegemea mbele. Hakuwa amekasirika, alikuwa mtu aliyekwisha kutia saini barua na sasa anatafuta wa kumbebesha lawama.

"Kama ni hivyo," aliuliza, "mbona mtunza bohari hakukwambia ulipokuja mara ya kwanza? Huo si uzembe? Si yupo hapo, tumuulize yeye."

Vichwa viligeuka kuelekea mlangoni. Baba alianza kusimama, sanduku mikononi, hajui aliweke wapi.

"Sio yeye wa kuulizwa," binti alisema. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Nilimwomba kadi, akanipa kadi. Sikumuuliza anafanyaje kazi. Nilimwita Bwana Bohari mbele ya wenzangu, nikajifanya simjui. Kwenye fomu ya chuo, kipengele cha tisa, panapouliza kama nina ndugu pale, niliweka kistari. Yule ni baba yangu. Hesabu zote ninazozijua mimi, yeye ndiye aliyenifundisha, mle mle."

Msimamizi wake alivua miwani. Meneja akatazama madaftari, akatazama mlango, akaomba apewe lile la mistari ya njano. Alilisoma muda mrefu kuliko watu walivyotarajia. Mwishoni alisema lori lingoje, na funguo zisikabidhiwe mpaka madaftari yote yapitiwe. Hakusema itakuwaje baada ya hapo. Chuo nacho kilisema kitamwandikia binti barua kuhusu kipengele cha tisa, na kwamba mwaka huu asitarajie mahafali.

Mhudumu, akitoka, alisimama kando ya kiti cha mwisho akampa mzee chupa ya maji.

*

Mama aliposikia habari alilishusha gauni kutoka kwenye hanga, akalikunja, akaliweka chini kabisa ndani ya sanduku la nguo. Alisema gauni litangoja, kitambaa hakiozi, na mwili ukibadilika ataachia pindo. Kisha akaokota vipande vya samawati vilivyobaki chini ya cherehani, akavipima kwa shubiri.

Ijumaa baba alihesabu funguo mpaka kumi na moja bila kukatizwa. Alikunywa chai yake yote. Akamwambia binti kwamba ana madaftari sita ya kurudisha, na hati inaisha leo.

Walitembea pamoja. Bohari ilikuwa na mistari yake ya jua, na kreti ilikuwa pale pale, siku hizi imewekewa birika la Fundi Kutu. Binti aliyarudisha madaftari, baba akayahesabu, akatafuta hati kwenye faili, akaipiga mhuri wa kurudishwa. Kisha akaenda kwenye rafu ya tatu. Akashika vali moja kubwa ya shaba, akaigeuza mikononi.

"Hii ulipatia," alisema. "Imekufa. Nilikuwa naihifadhi kwa kuwa niliipokea siku uliyozaliwa. Tutawapa watu wa lori Jumamosi nyingine."

Binti alisema hata hiyo inaweza kubaki rafuni. Baba akatikisa kichwa. Aliirudisha vali rafuni, akaikalisha vizuri kana kwamba itakaa miaka. Alibaki amempa mgongo.

"Pale ukumbini ulisema hukuniuliza. Ni kweli. Lakini ningeweza kukwambia. Madaftari yalikuwa chini ya kaunta, karibu na goti langu. Niliyasukuma ndani kwa mguu." Akavuta kadi moja kwa uzi wake, akaiachia. "Mimi hata siku moja sijamnyima mtu kitu humu. Nikakunyima wewe. Nilisema moyoni, kama mimi ni Bwana Bohari, basi na apate kile alichokiomba, asipate zaidi. Niliumia, mwanangu. Miaka yote hii nilikuwa nangoja siku utakayoingia mlango ule ukiwa mkubwa."

Alichomoa penseli sikioni, akaitazama ncha yake, akairudisha. Ndipo akageuka.

"Humu ndani niite baba. Hata wakiwapo wageni."